Robo ya Kila Mimba

Nilipoajiriwa kuwa karani wa takwimu katika hospitali moja ya mwambao wa kaskazini wa Tanzania, nikiwa kijana mwenye cheti cha shule na mwandiko uliosifiwa na walimu wangu, nilikabidhiwa daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, daftari la kliniki ya watoto wenye maradhi ya selimundu, nikaambiwa niandike majina, niandike tarehe, na mwisho wa mwezi nijumlishe safu. Ndani ya daftari hilo nilikutana na maswali yaliyowashughulisha wanazuoni wa hisabu kwa karne tatu, na walioniuliza maswali hayo hawakuwa wanazuoni, bali akina mama waliokaa juu ya mabenchi tangu alfajiri, wamepakata watoto wenye homa na viungo vilivyovimba. Elimu ya nasibu, ambayo wengi huisoma kwa mifano ya dadu na karata, mimi niliisoma kwa habari za watoto hao. Na kwa kuwa niliisoma mahali ambapo jibu ghalati liliweza kumtia mtu katika huzuni ya miaka mingi, nimeiheshimu maisha yangu yote, na natamani kila mtu wa nchi zetu aifahamu walau kwa misingi yake.

Maradhi yenyewe yanajulikana sana kwetu. Chembe nyekundu za damu, ambazo katika mwili wenye siha ni za duara na laini, kwa mgonjwa wa selimundu hujikunja mfano wa mundu pale oksijeni inapopungua, zikakwama katika mishipa midogo, zikaleta maumivu ambayo mtu asiyepata kuyaona hawezi kuyakadiria. James Herrick, tabibu wa Chicago, aliandika habari za chembe hizo mwaka 1910. Na mwaka 1949 James Neel wa Marekani, na tabibu mwingine aitwaye Beet, aliyefanya uchunguzi wake katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia, walidhihirisha, kila mmoja kwa njia yake, jinsi maradhi hayo yanavyorithiwa. Kila mtu ana vinasaba viwili vinavyohusika na jambo hili, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Mwenye kinasaba kimoja kizima na kimoja cha selimundu huishi bila ya kuumwa, aghalabu bila hata ya kujua alichobeba; bali mwenye vyote viwili vya selimundu ndiye mgonjwa. Kwa hiyo wazazi wawili wazima, ambao kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, wanaweza kumzaa mtoto mgonjwa, na uwezekano wa jambo hilo ni robo: nusu ya kukipokea kwa baba, ikizidishwa kwa nusu ya kukipokea kwa mama.

Robo hii ndiyo iliyokuwa ikitajwa katika kliniki yetu kila siku, na kila aliyeisikia aliichukua nyumbani kwa maana yake mwenyewe. Alikuwako mama mmoja, mke wa mvuvi, ambaye mtoto wake wa kwanza alikuwa amelazwa mara nyingi, naye kwa wakati huo alikuwa na mimba ya pili. Siku moja alikuja mezani pangu kuchukua kadi, nikamwamkia, naye alipokwisha kuitikia alisogeza kiti akakaa.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiwe mwenye hisabu hapa. Muuguzi kaniambia robo, yaani mmoja katika wanne. Mimi na baba watoto tunamwomba Mungu atujaalie wanne. Huyu wa kwanza ndiye yule mmoja. Basi hawa watatu wanaofuata si watakuwa wazima?"

"Mama," nikamjibu, "swali hili ni zito, na sipendi kulijibu kwa haraka. Niwie radhi mpaka siku ya kliniki ijayo, nitakuwa nimelipima."

Nalitaka muda kwa sababu hoja yake haikuwa ya kijinga hata kidogo. Ni hoja ambayo kila mfanyabiashara wa sokoni huitumia na hupata faida kwayo: ukijua kwamba katika magunia manne ya mchele moja limeingia wadudu, nawe ukafungua la kwanza ukawaona wadudu, huna haja ya kuyafungua matatu yaliyobaki, maana wema wao umekwisha kuthibiti. Katika magunia, kulifungua moja hubadili hali ya yale mengine, kwa kuwa hesabu yao ilikwisha kufungwa kabla ya wewe kufika. Haja yangu ilikuwa kujua kama tumbo la mama nalo lina hesabu iliyofungwa namna hiyo.

Mkuu wa chumba chetu cha kumbukumbu alikuwa mzee mwenye asili ya Pemba, mtu wa maneno machache, aliyejifunza hisabu kwa kusoma usiku baada ya kazi. Nilipomweleza habari ya yule mama hakunipa jibu, bali alinipa karatasi. Alinitaka niandike, mstari kwa mstari, kila namna ambayo watoto wanne wa wazazi hao wanaweza kuzaliwa: kwa kila mtoto, ama baba ametoa kinasaba kizima na mama kizima, ama baba kizima na mama cha selimundu, ama baba cha selimundu na mama kizima, ama wote wawili cha selimundu, njia nne zilizo sawa kwa uzito katika kila mimba, na kwa mimba nne zikawa njia 256. "Andika zote, kijana," alisema, "halafu ndipo uhesabu. Usihesabu kitu usichokiandika."

Niliandika kwa mwangaza wa taa, na nilipomaliza nikahesabu. Mistari 81 haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Mistari 108 ilikuwa na mgonjwa mmoja. Mistari 54 ilikuwa na wagonjwa wawili. Mistari 12 ilikuwa na watatu. Na mstari mmoja, mmoja tu katika yote, ulikuwa na watoto wanne wote wagonjwa. Nyumba yenye mgonjwa mmoja na wazima watatu, ambayo yule mama aliihesabu kuwa ndiyo kanuni, ilikuwa ndiyo nyumba ya kawaida kuliko nyingine, lakini hata hivyo haikufika nusu ya nyumba zote. Kisha mzee akaniamuru nitenge mistari ambayo mtoto wa kwanza ni mgonjwa. Ilikuwa 64, na katika hiyo mistari 27 ndiyo iliyofuatiwa na watoto watatu wazima. Akaniamuru nitenge na ile ambayo mtoto wa kwanza ni mzima. Ilikuwa 192, na iliyofuatiwa na watatu wazima ilikuwa 81. Gawanya 81 kwa 192, kisha gawanya 27 kwa 64: matokeo ni yale yale, kama 42 katika 100. Mtoto wa kwanza, awe mgonjwa awe mzima, hakuigusa hata chembe hali ya wale waliomfuata.

Watu wa elimu hii huyaita matukio ya namna hiyo matukio huru, yasiyofungamana, na kanuni yake huandikwa katika ukurasa wa mwanzo wa kila kitabu cha uwezekano. Lakini nimekutana na watu wengi waliofaulu mitihani ya kanuni hiyo ambao, jambo linapowafika wao wenyewe, hurudi katika imani ya magunia. Tena imani hiyo ina sura mbili. Mwenye mtoto mgonjwa husema deni limekwisha kulipwa. Na mwenye watoto watatu wazima huingiwa na hofu juu ya wa nne, akasema sasa zamu imefika. Mmoja hutulia pasipo haki ya kutulia, na mwingine huogopa zaidi ya kadiri anayostahili kuogopa, na wote wawili wameinasibishia nasibu kumbukumbu ambayo haina.

Siku ya kliniki ilipofika nilimweleza yule mama kwamba kila mimba huanza upya, na robo yake ni robo kamili, haipungui kwa aliyetangulia wala haiongezeki. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo huyu mwanangu hakuwalipia wenziwe?"

"Hakuwalipia, mama, wala hakuwaachia deni."

Sitasimulia habari za watoto waliomfuata, kwa sababu najua msomaji atataka kuyafanya matokeo yao kuwa ushahidi, ama kwa upande wangu ama kwa upande wa hoja yake ya awali. Na mtoto mmoja au wawili au watatu hawawezi kushuhudia lolote juu ya robo. Jambo hili nalo lilinichukua muda kulitua akilini, maana huzaa swali lililo gumu kuliko la kwanza: ikiwa katika nyumba moja robo haionekani, na katika nyumba ya pili haionekani, basi iko wapi, na nani aliyeiona?

Aliyeiona ni mtawa Gregor Mendel, katika bustani ya nyumba ya watawa ya mji wa Brno, ambaye mwaka 1866 alichapisha matokeo ya kuotesha mbaazi za kizungu na kuzihesabu punje kwa punje. Katika majaribio yake ya kwanza alipata punje 5,474 za duara na punje 1,850 zenye makunyanzi, yaani punje tatu za duara kwa kila moja yenye makunyanzi, ikipungua kidogo mno. Na hiyo ndiyo robo yetu. Lakini Mendel, kwa uaminifu ambao napenda wanafunzi wangu wauige, hakutupa jumla peke yake, bali alitaja pia mimea miwili iliyopita mpaka: mmoja uliotoa punje 43 za duara na 2 tu zenye makunyanzi, na mwingine uliotoa 14 za duara na 15 zenye makunyanzi. Mkulima aliyeuona mmea wa kwanza peke yake angeapa kwamba makunyanzi ni nadra sana, na jirani yake aliyeuona wa pili peke yake angeapa kwamba ni nusu kwa nusu, na wote wawili wangekuwa wakweli wa macho yao. Kanuni ilikuwa ndani ya mimea yote miwili, lakini haikudhihirika katika mmoja wowote; ilidhihirika zilipokusanywa punje elfu saba na ziada.

Jakob Bernoulli wa Basel alikuwa amekwisha kuithibitisha kwa hoja za hisabu sababu ya jambo hili, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kufa kwake. Hoja zake ni ndefu, nami sitazileta hapa. Lakini iko habari ya mtu mmoja aliyelipima jambo lenyewe kwa mkono wake, na habari hiyo naipenda kuliko hoja. John Kerrich, mwalimu wa hisabu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika ya Kusini, alikuwa safarini Denmark mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoivamia nchi ile, akawekwa kizuizini. Na katika kifungo hicho alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo. Katika mara 10 za kwanza upande wa kichwa ulitokea mara 4. Katika mara 100 ulitokea mara 44. Na mwisho wa mara 10,000 ulikuwa umetokea mara 5,067. Mtu na azitazame nambari hizi kwa makini, kwa maana ndani yake limo jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione. Baada ya mara 10, vichwa vilikuwa vimepungua nusu kwa kimoja. Baada ya mara 100 vimepungua kwa 6. Baada ya mara 10,000 vimezidi kwa 67. Tofauti yenyewe haikufutika, bali ilikua! Kilichopungua ni umbali wa uwiano kutoka nusu: uwiano ulianza na 40 katika 100, ukapanda hadi 44, ukafika chini kidogo ya 51. Sarafu haikurudi nyuma kurekebisha upungufu wake wa mwanzo. Upungufu ule ulibaki pale pale ulipokuwa, ila ulizamishwa na wingi wa yaliyofuata. Kerrich alichunguza hata lile tuliloulizwa na mke wa mvuvi. Katika mara 2,000 za kwanza, vichwa vinne vilifuatana mara 130. Na baada ya vichwa hivyo vinne, kilichofuata kilikuwa kichwa mara 69 na upande wa pili mara 61. Hakuna zamu iliyofika.

Nilipokwisha kuyafahamu haya nilikuwa na hakika kwamba daftari letu, kwa kuwa lilikuwa na majina mengi, litaonyesha robo waziwazi. Mwaka mmoja tuliagizwa tutoe taarifa ya ndugu wa wagonjwa wetu, tukaandika katika kila nyumba watoto ni wangapi na wagonjwa ni wangapi. Na ilipojumlishwa, sehemu ya wagonjwa haikuwa robo, ilikuwa imepita theluthi. Chumbani palizuka mjadala mkali. Mmoja alisema pengine kanuni ya vitabu imepimwa kwa watu wengine nasi hatumo. Mwingine alisema wazazi hawasemi kweli juu ya idadi ya watoto wao. Mzee wetu alisikiliza yote, kisha akauliza neno moja: "Na wasiokuja?"

Hilo ndilo swali lililo bora kuliko yote niliyoyasikia katika kazi yangu, na ningependa liandikwe juu ya mlango wa kila ofisi ya takwimu. Turudi katika mistari yetu 256, tuifanye kuwa nyumba 256 zenye watoto wanne kila moja, na wazazi wote ni wenye kubeba. Watoto ni 1,024, na wagonjwa kati yao ni 256, robo kamili. Lakini nyumba 81 hazina mgonjwa hata mmoja, na wazazi wa nyumba hizo hawana sababu ya kufika kwenye kliniki yetu. Wengi wao hufa wazee bila ya kujua walichokibeba. Wanaofika ni nyumba 175, zenye watoto 700, na wagonjwa wote 256 wamo humo. Gawanya 256 kwa 700, utapata karibu 37 katika 100. Hakuna aliyesema uongo, hakuna aliyekosea kujumlisha, na kanuni haikuvunjika. Daftari lilikuwa limewekwa mlangoni ambapo sehemu moja ya watu haipiti. Wilhelm Weinberg, tabibu wa Stuttgart, alilieleza tatizo hili mwaka 1912 na kuonyesha njia ya kulisahihisha, na njia hiyo kwa muhtasari ni kumwondoa katika hesabu yule mtoto aliyeileta nyumba kwenye daftari, kisha kuhesabu ndugu zake peke yao.

Tangu hapo sikupata kusoma nambari yoyote ya hospitali, ya shule, au ya mahakama, bila ya kujiuliza ni nani aliyesimama nje ya mlango. Na ajabu yake ni kwamba wingi wa majina hauponyi ugonjwa huu. Sampuli ndogo hupotoka huku na huku, na ukiiongeza hutulia. Lakini sampuli iliyochaguliwa na mlango hupotoka upande mmoja tu, na ukiiongeza huzidi kutulia juu ya upotofu wake, ikamtia msomaji yakini asiyostahili kuwa nayo. Tulipofungua daftari la pili, katika kliniki ya wajawazito ambako kila mama hufika, awe na mgonjwa nyumbani au asiwe naye, ndipo tulipoanza kupata picha ya watu wa wilaya yetu jinsi walivyo.

Sababu ya kinasaba hiki kuenea hivyo katika mwambao imegunduliwa katika nchi zetu hizi, kwa hesabu iliyo rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari aweza kuifuata. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika ya Kusini akalelewa Kenya, aliona kwamba katika pwani ya Kenya na kando ya ziwa Victoria wenye kubeba walizidi 20 katika kila watu 100, na katika nyanda za juu za Kenya na sehemu kame hawakufika hata mmoja. Akaitambua katika hayo ramani ya malaria, akashuku kwamba kubeba kinasaba hicho humkinga mtu na malaria. Katika uchunguzi alioutangaza mwaka 1954 alipima watoto 290 wa Uganda: 43 walikuwa wamebeba kinasaba cha selimundu, na 12 kati yao walikutwa na vimelea vya malaria, 247 hawakukibeba, na 113 kati yao walikutwa na vimelea.

Nimewapa wanafunzi wengi nambari hizi nne, na aghalabu wa kwanza kunyoosha mkono huzilinganisha 12 na 113, akasema malaria haiwagusi wenye kubeba. Ulinganisho huo haufai, kwa kuwa wenye kubeba walikuwa wachache tangu mwanzo. Mwingine husema kwamba katika watoto 125 wenye vimelea, wenye kubeba ni chini ya 10 katika 100. Kweli, lakini hilo ni jibu la swali jingine. Kuuliza ni wangapi wenye kubeba miongoni mwa wagonjwa, na kuuliza ni wangapi wagonjwa miongoni mwa wenye kubeba, ni maswali mawili yasiyokuwa na udugu wa lazima, na naamini dhuluma nyingi katika hukumu za watu, barazani na mahakamani, hutokana na kulijibu moja kwa jibu la lingine. Ulinganisho wa haki ni wa kila kundi ndani ya wingi wake: karibu 28 katika 100 kwa waliobeba, na karibu 46 katika 100 kwa wasiobeba. Ndipo lije swali la mwisho, kama tofauti hiyo ingeweza kuletwa na bahati tupu. Na hisabu hujibu kwamba kama kinasaba hakina athari yoyote, tofauti ya ukubwa huo ingetokea mara tatu hivi katika kila mara mia za kupima. Si muhali, lakini ni nadra, na nadra hiyo ndiyo inayotupa haki ya kushuku kwamba iko sababu, na wajibu wa kupima tena. Watu wamepima tena mara nyingi tangu siku zile, na sababu imesimama.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeacha ukarani na kufundisha, alikuja nyumbani kijana mmoja wa ukoo wetu aliyetaka kumposa binti wa shangazi yake, kama ilivyo ada kongwe katika mwambao. Alikuwa amesoma, na alikuja na hesabu yake tayari. "Ami," aliniambia, "mtu mmoja katika watano kwetu huku amebeba. Mimi moja kwa tano, yeye moja kwa tano, na mtoto robo. Ukizizidisha ni moja katika mia. Nimeona si jambo la kunizuia."

"Kuzidisha kwako ni sahihi," nikamwambia, "lakini kuzidisha namna hiyo kuna sharti, nalo ni kwamba mambo hayo yasifungamane. Wewe na mwenzio mmetoka kwa babu na bibi wale wale."

Nikamweleza kwamba akiwa yeye amebeba, uwezekano wa binamu yake kubeba haubaki moja katika tano, bali hukaribia 3 katika 10, maana kinasaba kile kile chaweza kuwafikia wote wawili kutoka katika chimbuko moja. Nikamweleza na jambo jingine, ambalo kwangu ndilo la ndani zaidi katika elimu yote ya uwezekano: kwamba ile moja katika mia haikuwa sifa ya damu yao, bali ilikuwa kipimo cha kutojua kwetu. Damu yao ilikuwa imekwisha kuamuliwa tangu siku walipozaliwa. Lau wangekuwa watu wasiohusiana, yeye akapimwa akaonekana amebeba, hesabu ya mtoto ingeruka kutoka 1 katika 100 hadi 1 katika 20. Mwenzake akipimwa naye akaonekana amebeba, ingefika robo. Akionekana hakubeba, ingeanguka ikawa sifuri, na yote haya bila ya kubadilika hata tone moja la damu ya mtu. Kwa binamu namba za katikati ni kubwa zaidi, ila mwisho ni ule ule, robo au sifuri.

Alikwenda kupimwa, akaonekana amebeba. Walikuwa na siku ngumu wakisubiri kipimo cha binti, na wazee wa pande zote mbili walinijia kutaka niwaambie kama ndoa isimame au ivunjwe, nikawajibu kwamba hisabu haina amri ya kutoa katika jambo hilo, kazi yake ni kuhakikisha kwamba watakapoamua wanaamua juu ya kitu kilichopo. Kipimo cha binti kilirudi na vinasaba viwili vizima. Niliwaandikia wote wawili barua, nikawaeleza kwamba hakuna mtoto wao anayeweza kurithi selimundu kutoka pande mbili, lakini kila mmoja atakuwa na nusu ya uwezekano wa kubeba kinasaba cha baba yake, aliyetangulia asimpunguzie anayefuata. Na kwamba wakikua nao wapimwe kabla ya kuposa au kuposwa.